Tairi limepasuka njiani kwenda Muheza, mwendesha boda kaumia, ndugu zake wanataka tumalizane nje ya polisi

Mama Shufaa:

Habari za humu ndugu zangu. Nawaandikia nikiwa Muheza kwa mama yangu. Naombeni ushauri, hasa wenye uzoefu wa ajali, bima na mambo ya magari, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Jumamosi tulitoka Mbagala baada ya swala ya alfajiri na Noah ya mume wangu. Naendesha mimi, yeye yuko kikazi Mtwara. Ndani alikuwemo mama, wifi yangu na wanangu wawili. Tunakwenda arobaini ya mjomba. Chalinze tulisimama tukanywa chai, nikazunguka gari nikakagua kama kawaida yangu: oili, maji, matairi. Matairi tuliyanunua yote manne kabla ya Ramadhani, mapya. Hata vile vinywele vya mpira vilikuwa bado vimesimama, kashata (yale meno ya tairi yanayogusa barabara) imejaa.

Tukavuka Wami, tukapita Mkata. Kabla ya kufika Kabuku jua lilishakuwa kali, lami inameta. Nilikuwa kwenye 80 na kitu. Nikasikia mlio mkubwa nyuma, paa! Kabla sijajua ni nini, mkia wa gari ukaanza kucheza, kushoto, kulia, kushoto. Wifi anapiga kelele "kanyaga breki, kanyaga breki!" Sikukanyaga. Nilishika usukani kwa mikono miwili nikaondoa mguu kwenye mafuta, gari likawa linapungua lenyewe. Lakini katika kule kucheza lilivuka mstari likaingia upande wa pili.

Upande ule anakuja kijana wa bodaboda na magunia mawili ya mkaa. Alipoona tunamjia akakata kuingia kwenye majani, gurudumu la mbele likagonga ukingo wa kalvati, pikipiki ikamwangukia mguu. Hatukumgusa hata kidogo. Sisi gari lilirudi upande wetu likaingia mtaroni, likalala ubavu nusu, likakomea hapo. Bampa, taa na mlango vimeharibika. Mama kaumia bega, watoto michubuko, Alhamdulillah.

Watu wa pale Mungu awalipe. Hakuna aliyenigusa wala kunitukana. Walikata matawi wakayapanga barabarani, wakamtoa kijana chini ya pikipiki, wakasimamisha pikapu wakampeleka hospitali ya wilaya. Polisi wakaja, wakapima, wakachora, wakachukua leseni yangu na gari likavutwa hadi kituoni. Kijana kavunjika mguu chini ya goti, kafungwa hogo (plasta ngumu).

Sasa jana kaka yake kanipigia. Anataka milioni 2 na nusu, tuandikishane kwa mwenyekiti wa kijiji, halafu wao wakawaambie polisi kwamba yameisha. Mama anasema nilipe, yule ni mtoto wa watu na sisi ni wazima. Mume wangu anasema nisipokee hata simu zao, bima ipo kwa ajili hiyo. Bima yetu ni ile ndogo, ya mtu wa tatu. Wifi naye anasema nitafungwa.

Nifanye nini? Na kwa nini tairi jipya lipasuke? Hilo ndilo linaninyima usingizi, maana kesho kutwa nitakuwa kwenye gari hilohilo na watoto haohao.

---

Kipande:

Lipa dada uishi kwa amani. Kesi za barabarani zinachosha, njoo leo njoo kesho, na wewe unaishi Dar. Milioni 2 na nusu utaitafuta tena.

---

Mzee wa Mabasi:

Pole sana binti yangu. Nimeendesha mabasi ya Dar na Arusha tangu ujana hadi nilipostaafu, barabara hiyo naijua kona kwa kona. Kwanza nikwambie, ulivyofanya ndivyo inavyotakiwa. Tairi la nyuma likipasuka mkia ndio unaotafuta njia. Ukikanyaga breki kwa nguvu hapo, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi na gari linajigeuza au kubiringika. Tairi la mbele likipasuka, usukani unavutwa kwa nguvu upande wa tairi lililopasuka. Dawa ni hiyohiyo: shika usukani uende mbele, toa mguu kwenye mafuta polepole, acha gari lipungue lenyewe, ndipo utoke pembeni. Nimezika makondakta na madereva waliokanyaga breki.

Sasa sikiliza jambo moja, na ulifanye leo hii kabla hujajibu simu ya mtu yeyote. Tairi lililopasuka lisitolewe kwenye gari mpaka mkaguzi wa magari wa polisi alione. Na likishatolewa lisitupwe. Gari likilala kituoni, mafundi na vijana wanazunguka pale, mtu atakwambia "mama tukusaidie tufunge spea gari lisogee," unashukuru, kumbe ushahidi wako unaondoka kwenye toroli la vyuma chakavu. Ripoti ya mkaguzi ndiyo itakayosema gari lilikuwa zima na kilichotokea ni tairi. Bila hiyo, karatasi zinabaki na mchoro tu. Na mchoro unaonyesha nini? Gari lako upande usio wake. Hapo shitaka la kuendesha bila uangalifu linaandikika kirahisi sana.

Mtume mtu apige picha tairi likiwa palepale kwenye gari, pande zote mbili, la nje na la ndani. Kisha apige picha karibu kabisa ya maandishi ubavuni. Tafuta neno DOT, na mwisho wake tarakimu 4. Zilete hapa nitakwambia.

---

Wakala Temeke:

Dada pole. Mimi nauza bima, niseme kwa upande wangu.

Bima ndogo haitatengeneza Noah yenu, hilo mjiandae. Lakini kijana aliyeumia ndiye hasa bima hiyo iliwekwa kwa ajili yake. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari barabarani awe nayo ili mtu wa tatu akiumia au kufa asihangaike na mfuko wa dereva. Mali ya mtu wa tatu nayo mara nyingi imo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye hati yako, kwa hiyo pikipiki yake isisahaulike. Kwamba hamkugusana hakumnyimi haki. Alitoka barabarani kwa sababu gari lako lilimjia.

Kwanza hakikisha bima iko hai. Ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, weka namba ya gari, utaona kampuni na tarehe ya mwisho. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na watu waliouziwa stika ambayo haipo popote. Kisha toa taarifa kwenye kampuni yako mara moja, kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri. Usingoje kesi iishe.

Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea: karibu kila hati ya bima ina sharti kwamba usikubali kosa wala kuahidi malipo bila kampuni kujua. Ukienda kwa mwenyekiti ukaandika "mimi fulani nimekubali kumlipa fulani milioni 2 na nusu kwa kumgonga", umeipa kampuni sababu ya kukwambia "umeshamalizana naye mwenyewe." Halafu mguu ukiharibika baadaye, wanarudi kwako.

Kumsaidia mgonjwa ni kitu kingine kabisa. Mpelekee chakula, lipa bili ya hospitali moja kwa moja dirishani, nunua dawa. Risiti zote tunza, ziandikwe jina lake. Huo ni utu, na hakuna kampuni itakayokulaumu kwa hilo.

Yeye naye anatakiwa kuwa na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iliyojazwa na daktari, taarifa ya matibabu na risiti zake. Wewe unahitaji ripoti ya polisi ya ajali, mchoro na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kampuni ikianza kupiga chenga, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, anapokea malalamiko ya watu wa kawaida.

---

Kiboko wa Korogwe:

Mama Shufaa shikamoo. Mimi ni bodaboda, naegesha hapa Korogwe stendi. Nimesoma nikaona niseme, maana hapa wanaongea wenye magari tu.

Mimi niligongwa na gari dogo lililokuwa linakatisha kuingia sheli. Mguu huohuo, chini ya goti. Nikiwa wodini baba mdogo na yule mwenye gari wakakaa kwa mwenyekiti wakaandikishana laki nane, na karatasi ikaandikwa "hatadai tena". Mimi sijaulizwa, nimelala. Laki nane ikaisha kwa nauli, chakula cha watu wanaokuja kuniona, na deni la dukani. Hogo lilipotolewa mfupa haujashika. Daktari akasema niwekewe vyuma. Nilienda polisi, wakaniambia jalada lilifungwa kwa kuwa mlielewana. Nikaenda kwenye bima ya lile gari, wakaniomba ripoti ya polisi. Ripoti gani tena? Niliuza pikipiki yangu nikawekwa vyuma. Leo naendesha ya mtu.

Kwa hiyo mama, ukimpa kaka yake milioni 2 na nusu kwa siri utadhani umemsaidia kijana, kumbe umemfungia mlango. Mguu wa mtu haujulikani utagharimu kiasi gani siku ya pili baada ya kuvunjika.

Lakini na mume wako akosee asikosee, hilo la kutopokea simu silo. Sisi tukiona dereva hapokei tunajua kakimbia, na hapo ndipo ndugu wanapopandisha hasira na bei. Nenda kamwone mwenyewe, ongea na yeye, siyo kaka yake. Na muulize pikipiki ni ya nani. Kama ni ya mkataba, bosi anataka hesabu yake kila siku au kila wiki, mguu umevunjika haujavunjika. Ukikosa hesabu pikipiki inachukuliwa, na vyote ulivyokwisha lipa vimekwenda. Nahisi hiyo pesa ya haraka haraka ndiyo hiyo.

---

Sista Zawadi:

Pole dada. Mimi ni muuguzi, nitaongea la watu waliokuwa ndani ya gari maana naona mmesahauliwa. Mama mwenye umri akiumia bega asiishie kuchuliwa na mafuta, apigwe picha. Watoto waangalie: akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akilala usingizi usio wa kawaida au akiongea visivyoeleweka, hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Maumivu ya shingo mara nyingi huja kesho yake, usishangae. Na nyinyi pia mlitakiwa kuchukua PF3 zenu, fuatilieni.

Kuhusu usingizi wako: kushtuka kila ukisikia mlio, kuona tukio linajirudia, kuogopa gari, hayo hutokea kwa watu wengi waliopata ajali na kwa wengi hupungua polepole. Yakipita mwezi bado yanakusumbua, nenda hospitali ya mkoa kitengo cha afya ya akili, ongea na mtaalamu. Wanaona watu wa ajali kila wakati.

---

Mama Shufaa:

Nimerudi. Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Sista, mama kapigwa picha Bombo, hospitali ya mkoa Tanga, mfupa mzima, ni msuli. Mtoto mdogo analalamika shingo kidogo ila anacheza.

Kiboko, umenena kweli tupu. Nilikwenda hospitali na mjomba wangu mwingine, tukamkuta kijana na mke wake. Kijana mpole, ana miaka kama 23. Aliponiona jambo la kwanza aliuliza kama watoto ni wazima. Nililia pale. Pikipiki ni ya mkataba, imebaki miezi michache iwe yake, na huyo kaka ndiye mdhamini. Bosi kampigia kaka tangu siku ya ajali. Milioni 2 na nusu ni deni lililobaki pamoja na matengenezo, ya mguu hata hawakuyahesabu!

Basi tulikwenda kwa bosi, mimi, mjomba, kaka yake na mwenyekiti. Tumemweleza kwamba ajali iko polisi na bima imeshapewa taarifa. Amekubali kusimamisha hesabu hadi kijana atembee, na imeandikwa. Kwenye karatasi hiyo sikuandika kosa wala malipo yoyote, ni makubaliano ya bosi na kijana tu, mimi ni shahidi. Bili ya hospitali nimelipa dirishani, risiti ninazo. Kaka alikuwa mkali mwanzoni, nilipomsomea yaliyompata Kiboko akanyamaza, akaniuliza mara mbili, "kwa hiyo ripoti ikifungwa, hapati kitu?" Sasa yeye ndiye anayefuatilia PF3.

Bima nimetuma barua, na mume wangu kapeleka nakala ofisini kwao wakati wa kupita Dar.

Mzee wangu, picha za tairi ninazo. Lilikuwa halijatolewa, ila nilifika nikamkuta fundi ameshaweka jeki! Nilimwomba aiache. Mkaguzi kaja kaliona. Ubavu mzima hauna alama, lakini ile sehemu yenye kashata imebanduka yote kama ganda, nyaya zimetokeza. Tarakimu ni 1113. Matatu yaliyobaki, mawili yana 1113 na moja 0914.

---

Mzee wa Mabasi:

Binti yangu, sasa nimeelewa na wewe uelewe.

Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1113 ni wiki ya 11 ya mwaka 2013. Tairi hilo umeliweka mwaka huu likiwa limeshazeeka. Huenda halikuwahi kugusa barabara, ndiyo maana vinywele vipo, ila mpira unazeeka hata ukiwa stoo, tena stoo zetu za bati zenye joto. Watengenezaji wengi wanasema miaka 10 ndiyo mwisho hata kama kashata imejaa, na wengine wanataka ukaguzi wa kila mwaka kuanzia miaka 5. Mpira ukizeeka unakauka, gundi inayoshika kashata na nyaya za ndani inalegea. Gari likiwa na watu na mizigo, lami ya mchana, mwendo wa 80, joto linapanda ndani ya tairi na kashata inaachia. Ndicho ulichokiona, ganda kubanduka na ubavu kubaki mzima. Lingekuwa la upepo mdogo, ungekuta ubavu kwa ndani umechakaa mduara mzima kama umesagwa, na unga wa mpira umejaa ndani. Mwambie mkaguzi aandike hizo tarakimu kwenye ripoti yake. Mwombe kwa adabu, ataandika.

Duka lililokuuzia, una risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Kama unayo, hiyo ni kesi nyingine. Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji, na TBS, shirika la viwango, wanahusika na ubora wa matairi. Wewe uliomba tairi jipya, ukauziwa la 2013 kwa bei ya jipya. Hilo siyo la kuliachia hivihivi, kwa sababu kuna mwenzako mwingine anafungiwa yaliyobaki dukani humo wiki hii.

Kuhusu upepo, maana utauliza: angalia karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, inasema kiasi gani gari likiwa tupu na likiwa limejaa. Upime asubuhi tairi likiwa la baridi. Ukipima Chalinze limeshachemka, namba itakuwa juu, na watu wanatoa upepo hapo. Usitoe kamwe.

---

Wakala Temeke:

Naongeza kidogo kwenye la Mzee. Ripoti ikiwa na tarakimu hizo, kampuni ya bima nayo itaitaka, kwa sababu ikishamlipa kijana inaweza kumgeukia muuza matairi. Kwa hiyo tairi lenyewe usilikabidhi kwa mtu bila maandishi. Likiondoka kituoni liondoke kwako au kwa polisi kama kielelezo.

---

Mama Shufaa:

Risiti ya EFD ipo, mume wangu kaipata kwenye dashibodi ya gari jingine, imefifia lakini namba zinasomeka, nimeipiga picha na kutoa nakala. Kesho tunaandika barua ya malalamiko.

Mkaguzi kakubali, ameongeza tarakimu kwenye ripoti. Leseni nimerudishiwa ila nimeambiwa niripoti tena baada ya wiki mbili. Swali la mwisho Mzee: gari likitoka tutalivuta au naweza kurudi nalo Dar na haya matatu yaliyobaki nikinunua moja jipya?

---

Mzee wa Mabasi:

Usirudi nayo hata kilomita kumi. Hilo la 0914 ni la miaka ileile tu. Nunua manne Tanga mjini, kabla hujalipa inama ubavuni usome tarakimu mwenyewe kwa tochi ya simu, yote manne na spea. Noah yako kama ni ile inayovaa 195/65R15, uangalie na namba inayofuata, isipungue 91, ndiyo kilo 615 kwa kila tairi. Haya ya zamani yachane ubavu kwa kisu, isipokuwa lile la kielelezo, ili yasiokotwe yakafungwa kwenye gari la mtu mwingine.

---

Kiboko wa Korogwe:

Mama ukipita Korogwe nipigie honi stendi. Na huyo kijana mwambie hogo likitoka asianze kukanyaga kabla ya kupigwa picha nyingine, mimi nilikanyaga mapema.